Lenzi ya mboni pana: Historia inavyomfaa mpigapicha wa Tseikuru

Muuzaji wa kamera akikuambia kwamba lenzi fulani 'ina kasi', usidhani kuna kitu ndani yake kinachokimbia. Maana yake ni kwamba tundu la lenzi hiyo ni kubwa, mwanga mwingi unaingia kwa mara moja, na picha inanaswa upesi. Istilahi hii imetafsiriwa sisisi kutoka Kiingereza, nayo inapotosha. Ukijaribu kusema 'lenzi pana' unaharibu mambo zaidi, kwani wengi wataelewa lenzi inayomeza mandhari nzima, mlima pamoja na bonde lake. Napendekeza tuseme 'lenzi ya mboni pana'. Mboni ya jicho la paka hutanuka gizani ili mwanga uingie, na hiyo ndiyo kazi ya tundu la lenzi.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Kijana wa Tseikuru, huko kaskazini mwa Kaunti ya Kitui karibu na Mto Tana, anayeweka akiba shilingi kwa shilingi ili anunue lenzi moja ya kupigia picha za harusi na matanga, akikosa kuelewa neno hupoteza pesa. Historia ya lenzi hizi inaweza kumwonyesha anunue ipi.

Upigaji picha ulipotangazwa rasmi jijini Paris mwaka wa 1839, lenzi zilizotumika zilikuwa na mboni ndogo mno. Mtu aliyetaka kupigwa picha alihitaji kuketi kimya kwa dakika kadhaa juani bila kutikisika. Mwaka uliofuata, Joseph Petzval, profesa wa hisabati jijini Vienna, alibuni lenzi ya kupigia watu picha, akisaidiwa kufanya hesabu na wanajeshi wa kikosi cha mizinga. Lenzi hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya Voigtländer, ilikuwa na mboni ya takriban f/3.6. Ilipitisha mwanga karibu mara 20 kuliko lenzi za f/16 zilizoitangulia. (Kumbuka kwamba namba hii huenda kinyume: ikipungua, mboni imetanuka.) Dakika zikawa sekunde. Hata hivyo, uso uliokuwa katikati ya picha ulitoka safi, huku pembeni pakiwa na ukungu. Tangu mwanzo, basi, mboni pana imekuwa na gharama yake.

Huku kwetu, tatizo la kwanza halikuwa uhaba wa mwanga. Mwaka wa 1860, James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha Unguja. Enzi hizo, bamba la kioo lilipakwa dawa, likatumika na kusafishwa kabla halijakauka, na kazi hiyo yote ilifanyiwa ndani ya hema dogo lenye giza. Joto la hema hilo lilikuwa la kuua mtu. Speke aliamua kamera irudishwe, naye Grant akaendelea na safari akiwa na kalamu na rangi za kuchorea.

Baadaye zilikuja studio. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Unguja mwaka wa 1930, na katika miaka ya 1940 N. V. Parekh akafungua yake mjini Mombasa. Picha zilizotoka humo ni hazina. Lakini studio ilikuwa na sharti moja, kwamba mteja aufuate mwanga. Alivaa nguo zake nzuri, akaenda mjini, akakaa mbele ya taa na pazia. Jioni ya nyumbani kwake, na wazee wakiota moto, haikuingia pichani.

Wakati studio hizo zikifunguliwa, sharti hilo lilikuwa limeshaanza kuvunjwa Ujerumani. Mwaka wa 1924 ilitokea kamera ya Ermanox, iliyokuwa na lenzi ya f/2 iliyobuniwa na Ludwig Bertele. Erich Salomon aliitumia kupiga picha ndani ya mahakama na katika mikutano ya wanadiplomasia usiku, bila kuwamulika watu kwa taa ya ghafla. Kwa mara ya kwanza wakubwa walionekana wakipiga miayo na kunong'onezana. Kamera iliufuata mwanga uliopo, badala ya watu kuitwa mbele ya mwanga. Mwaka wa 1925 ikaja kamera ndogo ya Leica, yenye lenzi ya fokasi moja ya milimita 50, yaani lenzi isiyovuta mbali wala karibu. Ukitaka kukaribia, unatumia miguu yako. Urefu huo wa 50 ndio uliokuja kuzoeleka duniani.

Sasa turudi Tseikuru. Mji huu uko karibu sana na ikweta. Mchana jua ni kali kupindukia na mboni pana haina kazi kubwa. Lakini likishatua, mwanga wa magharibi hautimizi hata nusu saa. Baada ya hapo ni taa ya sola, balbu moja ukutani, au koroboi. Harusi nazo zina desturi ya kuchelewa! Flashi ikimpiga mtu usoni ana kwa ana, paji la uso linang'aa kama bati, nyuma yake panakuwa giza tororo, na wapiga ngoma ya kilumi wanageuka kukutazama wewe.

Lenzi ya zumu inayouzwa pamoja na kamera nyingi ni ya milimita 18 hadi 55. Ikivutwa hadi mwisho, mboni yake huwa f/5.6. Lenzi ya fokasi moja ya f/1.8 hupitisha mwanga takriban mara kumi ya huo. Picha ambayo zumu ingehitaji sehemu moja ya sita ya sekunde, ambapo mkono wa mchezaji ngoma unakuwa ukungu mtupu, f/1.8 itainasa kwa sehemu moja ya 60. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo bi harusi atapata picha au hapati.

Je, si afadhali ya f/1.4? Hiyo inaongeza mwanga kwa mara 1.65 tu. Ya f/1.2 haiongezi hata mara mbili na nusu, ilhali bei yake kwa kawaida ni mara kadhaa ya ile ya f/1.8. Isitoshe, mboni ikipanuliwa hivyo, jicho linatoka safi huku sikio likififia. Watu watatu wakisimama kwa mstari usionyooka, mmoja ataonekana sawasawa. Stanley Kubrick alitumia lenzi za f/0.7, zilizotengenezwa na Zeiss kwa ajili ya shirika la NASA, ili arekodi mwanga wa mishumaa katika filamu yake ya mwaka wa 1975, *Barry Lyndon*. Waigizaji walilazimika kukaa karibu bila kusogea, kama watu wa 1839.

Jambo la kuangalia zaidi ni kamera yenyewe. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo, na kwazo lenzi ya 50 hufanya kazi kama ya 75 au 80. Hiyo ni nzuri kwa uso wa mtu mmoja, lakini ndani ya chumba kidogo utagonga ukuta kwa mgongo kabla familia haijaenea. Mwenye kamera kama hiyo aanze na 35 ya f/1.8. Mwenye kihisi kikubwa achukue 50 ya f/1.8. Pesa zinazosalia zimtoshe betri ya pili na nauli ya kufika Kyuso au Mwingi kwa kazi.

Na akifika dukani, asiulize lenzi yenye kasi. Aulize namba ya mboni, kisha aulize kama namba hiyo inabaki vilevile hata zumu inapovutwa.