Wavukaji wa Kamanga

Mwanza mjini ukiulizia Kamanga utaelekezwa kwenye gati la feri. Kamanga yenyewe iko ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, wilayani Sengerema, na historia yake ni historia ya watu waliovuka.

Ng'ambo hiyo ilikuwa Uzinza. Wazinza, ambao lugha yao ni ndugu wa Kikerewe na Kihaya, walikuwa na watemi wao kabla ya Mjerumani. Wasukuma walivuka kwa wingi karne ya 20, mashamba na malisho ya kwao yalipobanana. Kuanzia 1947 Mwingereza mwenyewe aliwahimiza wahamie huku. Mapori ya mbung'o yakafyekwa, pamba ikapandwa. Aliyetangulia aliomba shamba, akaonyeshwa mpaka. Mwanawe alirithi tu. Wajukuu ndio leo wanaomuuliza mvuvi aliyetoka Ukerewe au Mara kwao ni wapi, tena kwa Kisukuma, na Mzinza akiwa amesimama hapohapo.

Kuna mwaka ambao swali hilo lilinyamaza. Mwaka 1958, eneo hili likiwa bado chini ya Geita, serikali ililazimisha halmashauri ya mseto ya Waafrika, Wahindi na Wazungu. Watu waligoma, wakaenda Mwanza kulalamika, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Moshi ule haukuchagua kabila.

Siku hizi uenyeji unapimwa kwenye nzengo, yaani umoja wa majirani. Msiba ukitokea, daftari linafunguliwa: nani katoa mchango, nani kaleta kuni, nani kashika jembe kaburini. Asiyeonekana anatozwa faini. Akikaidi anatengwa, na siku yake ikifika atatafuta wa kumchimbia. Sungusungu, walinzi wa jadi wa miaka ya 1980, walikaza adhabu hiyo hadi mtu akanyimwa salamu. Ni ukali, lakini una haki yake: Mjita aliyehamia mwaka jana akishika jembe, jina lake linaandikwa kama la mwingine yeyote.

Wanaoitatiza nzengo sasa ni wanunuzi wa viwanja kutoka mjini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie ardhi inapogawiwa, ila fensi huwa haingoji mkutano. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lizinduliwe Juni 19, 2025, ghuba nzima imekuwa karibu zaidi na jiji.

Mnunuzi huyo wa fensi hakwepi mchango. Anautuma kwa simu kila msiba. Vijana wanasema pesa imefika, aandikwe. Wazee wanajibu kwamba pesa haichimbi kaburi. Ningekuwa upande wa wazee, isipokuwa watoto wao walioko Dar es Salaam nao wanatuma kwa simu vilevile, na hakuna aliyewahi kufuta majina yao.