Dolomiti

Dolomiti ni safu ya milima ya kaskazini-mashariki mwa Italia, sehemu ya Alpi ya kusini, iliyoenea hasa katika wilaya za Belluno, Bolzano na Trento. Kilele chake kirefu zaidi ni Marmolada, mita 3,343 juu ya usawa wa bahari.

Miamba yake ilianza kujengeka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita chini ya bahari ya joto, kutokana na miamba tumbawe na mashapo mengine. Mwamba wake mkuu, wenye kalsiamu na magnesiamu, uliitwa kwa jina la mwanajiolojia Mfaransa Déodat de Dolomieu. Ni mwamba wa rangi ya kijivu hafifu, nao jua linapochomoza au kutua hugeuka waridi hadi wekundu. Mandhari hayo ndiyo fahari ya Dolomiti. Vilele vitatu vya Tre Cime di Lavaredo ndivyo vinavyopigwa picha mno. Mabondeni baadhi ya wenyeji huzungumza Kiladini.

Kuanzia 1915 hadi 1917 majeshi ya Italia na Austria-Hungaria yalipigana humo. Mahandaki yao yangali yanatembelewa, na baadhi ya njia za kukwea zenye kamba za chuma zilianzia vitani. Mji wa Cortina d'Ampezzo uliandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1956. UNESCO iliiorodhesha Dolomiti kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2009. Julai 2022 sehemu ya barafuto ya Marmolada iliporomoka na kuua watu 11.