Nauli ya Bombay

Kabla mtu yeyote wa Nyakato, pale Musoma, hajaiona Bombay, Bombay ilikuwa imekwisha kufika ziwani. Ilifika kwanza kwa njia ya nguo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilibeba kaniki za India pamoja na merikani na shanga, na mwanamke wa bara aliyejifunga kaniki hakuwa na haja ya kujua ilivuka bahari gani. Kisha ikafika kwa jina la mtu.

Agosti 1858 Mwingereza Speke alisimama kwenye ufuo wa kusini wa ziwa, karibu na Mwanza. Aliyekuwa karibu naye kuliko wote alikuwa Mubarak, Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa hadi India, akakaa huko miaka mingi mpaka bwana wake alipofariki naye akapata uhuru wake. Aliporudi Unguja alikuwa amechukua jina la mji: Sidi Mubarak Bombay. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha, na Mubarak hakujua Kiingereza cha kutosha. Kwa hiyo walisemezana Kihindustani. Yafaa msomaji alizingatie jambo hili. Siku ziwa letu lilipoingizwa katika vitabu vya Ulaya, maneno yaliyopita kati ya mwandishi na kiongozi wake yalikuwa ya India, na aliyeyajua zaidi ni mtumwa wa zamani aliyejifunza bila ya kuulizwa kama ataka kwenda.

Wanaoandika habari za safari hupenda kuhesabu nauli kwa fedha. Historia ya watu wetu na Bombay haihesabiki hivyo, kwani wengi wa waliotangulia walifika bila ya senti mfukoni, na ndio waliolipa ghali kupita wote.

Mfano mkubwa ni safari ya mwaka 1864. Livingstone alikuwa na merikebu ndogo ya mvuke, Lady Nyassa, aliyoitengeneza kwa ajili ya Ziwa Nyasa, ambayo haikufika huko. Fedha zilimwishia. Hakutaka kuiuza Unguja, kwa kuhofia kuwa ingeishia kubeba watumwa, basi akakata shauri kuivusha mwenyewe mpaka Bombay, mwendo wa maili 2,500 hivi. Alikuwa na tani 14 za makaa, Wazungu watatu, watu saba wa Zambezi, na watoto wawili walioponyoka utumwani, Chuma na Wekotani. Wale wa Zambezi walikuwa watu wa mto, si wa bahari kuu. Waliondoka Unguja mwisho wa Aprili, wakati ambapo nahodha yeyote wa jahazi angewaambia kwamba kusi limekaribia kuchafua bahari. Upepo ukawaacha, matanga yakalala, makaa hayakutosha kuwashwa kila siku. Walikaa baharini siku 45 hivi. Walipoingia bandarini mwezi Juni, chombo kilikuwa kidogo hata hapana aliyetambua kuwa kimefika.

Livingstone alikwenda zake Uingereza. Watoto walitiwa shule ya wamisionari mjini. Na wengine? Susi na Amoda, watu wa Shupanga, walibaki wakifanya kazi gatini. Hawa ndio wageni wa kweli wa Bombay: hawakuja kutazama mji, waliupakua na kuupakia. Mwaka uliofuata Livingstone alirejea, akaiuza merikebu kwa pauni 2,300 ilhali ilimgharimu kiasi cha pauni 6,000, na benki aliyoziweka fedha hizo ikafilisika. Januari 1866 akaondoka nao kwenda Unguja. Susi na Chuma ndio waliokuja kuongoza kubebwa kwa maiti yake kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo. Sifa hiyo wamepewa, ingawa kwa kuchelewa. Miezi yao ya Bombay huguswa kwa mstari mmoja tu.

Reli ya Mombasa ilipofika ziwani, pale Kisumu, mwaka 1901, njia ikafupika. Pamba ya nchi za ziwa ilikwenda kwenye viwanda vya Bombay. Kwa njia hiyo hiyo, kwa kugeuza uso, walikuja wenye maduka: meli hadi Mombasa, gari moshi hadi Kisumu, kisha stima hadi Musoma. Aghalabu walisafiri sitahani, daraja ya chini kuliko zote, ambako abiria hakupewa kitanda. Alikuja na tandiko lake na chombo chake cha kupikia, akatafuta kivuli. Wapo waliodhani kila Mhindi alishuka melini akiwa tajiri. Sitaha ingewafunza vingine.

Mwaka 1928 alikwenda Siti binti Saad. Mzaliwa wa Fumba, aliyewahi kuzunguka vijiji akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake, asiyejua kusoma wala kuandika, alivuka na wenziwe kwenda kutia sauti katika santuri. Safari hii aliyevuka alikwenda kwa hiari yake, na kilichotakiwa kwake ni sauti, si mabega. Hilo lilikuwa jipya. Santuri zikarudi, zikapigwa mbali kuliko alikopata kufika mwenyewe.

Baada ya vita vya pili, kampuni ya British India ilileta Kampala na Karanja, meli mbili zilizojulikana katika bandari zote za mwambao. Nazo zilichukua abiria wa sitaha. Ndege zikazidi, abiria wakapungua, na mwaka 1976 Karanja ikakoma kufanya safari hiyo. Mji wenyewe ulibadilishwa jina mwaka 1995, ukawa Mumbai. Siku hizi mtu wa Musoma huenda India kwa ndege, mara nyingi kwa matibabu, na jamaa huchangishana kwanza. Nafasi ya sitaha haiuzwi tena.