Mti na Udongo Wake: Historia Fupi ya Kuthamini Mashamba ya Miti

Katika miaka kumi ya Chama chetu tumezoea kuyapima mazao kwa mizani. Shamba la miti nalo lina kipimo chake, na asiyekijua hutajiwa bei na mwingine.

Mwaka 1923 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria iliyoifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kwamba ardhi haifai kuwa bidhaa, asije tajiri akainunua yote. Na mwaka 1963 milki za kudumu zilifutwa. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ikashika njia hiyo hiyo: ardhi tupu ilipotwaliwa, fidia ilikuwa ya maendelezo tu. Mti ulihesabiwa, udongo ulioulea haukuhesabiwa.

Malalamiko ya wananchi juu ya ardhi yalisikilizwa na Tume iliyoundwa mwaka 1991 chini ya Profesa Issa Shivji. Ndipo Sera ya Ardhi ya 1995, na Sheria za Ardhi Na. 4 na Na. 5 za 1999, zikatamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Kanuni za 2001 zikaweka kipimo cha bei ya soko, na njia mojawapo ya kuipata ni kulinganisha na mauzo ya karibuni ya mali inayofanana.

Lakini kufanana kwa macho hudanganya. Mashamba mawili ya mikaratusi, kila moja ekari tano, yaweza kutofautiana sana: hili li kando ya barabara, lile li ng'ambo ya korongo; hili miti yake imekomaa, lile ni machipukizi. Hapana budi kila tofauti ipunguzwe au iongezwe katika bei.

Tangu ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, ardhi inayotuzunguka sisi wa Chang'ombe imezidi kutakiwa. Kwa hiyo kila mwanachama na aandike mwaka aliopanda, aina ya miti na idadi iliyosalia. Na wakati wa mirathi, kabla ya kukata mti au kugawa ekari, warithi wamwite mthamini aliyesajiliwa kwa Sheria ya 2016. Daftari la baba litawaepusha watoto na ugomvi.