Wepesi wa Usukani na Harufu Yake

Neno usukani lilianzia chomboni. Mabaharia wa pwani walikuwa nalo kwa ajili ya ubao wa tezini unaoelekeza jahazi, na gari lilipofika likalikuta tayari. Kwa miaka mingi usukani wa gari ulifanana na ule wa baharini kwa jambo moja: nguvu yote ilitoka mikononi mwa mwenye kuushika. Land Rover za mwanzo, zilizoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, zilikuwa za namna hiyo. Kukata kona gari likiwa karibu limesimama ilikuwa kazi ya mabega. Lakini hapakuwa na pampu, mkanda wala mota ya kuusaidia usukani, na kwa hiyo hapakuwa na cha kuungua. Harufu ya ajabu inayomshtua dereva wa leo anapoegesha gari iliingia baadaye, kwa hatua zinazojulikana, na kila hatua ilikuja na harufu yake. Ndiyo maana naamini kwamba swali la kwanza la fundi mbele ya harufu hiyo linapaswa kuwa la kihistoria: usukani huu ni wa zama gani?

Zama za mafuta zilifunguliwa na Francis W. Davis, mhandisi wa Marekani aliyepata kufanya kazi katika kampuni ya Pierce-Arrow, iliyounda pia malori, na kuona jinsi madereva walivyopigana na usukani. Mwaka 1926 alionyesha gari ambalo mafuta yenye presha yalimsaidia dereva kulikata. Tatizo kubwa lilikuwa kuvuja: mafuta yanayobanwa muda wote hutafuta pa kutokea. Davis aliligeuza wazo lenyewe. Aliiacha vali wazi ili mafuta yazunguke kwa uhuru, na presha ipande pale tu usukani unapokatwa. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliuchelewesha uvumbuzi huo, hadi mwaka 1951 Chrysler ilipoleta pawa stelingi kwenye gari lake la Imperial lililouzwa kwa umma.

Uamuzi huo wa Davis bado unasomeka chini ya boneti. Kwa kuwa presha hupanda usukani ukikatwa, hufika kilele ukikatwa hadi mwisho na kushikiliwa hapo, kama madereva wanavyofanya kwenye maegesho finyu. Hosi iliyochoka hutoa jasho hapo hapo, kwenye maungio ya mpira na chuma. Tone likiangukia ekzosi ya moto, hutoka harufu kali ya mafuta yaliyoungua na pengine moshi mwembamba. Mkanda uliolegea nao huteleza kwenye puli kwa sababu pampu imekuwa nzito ghafla. Unalia, na harufu yake ni ya mpira. Harufu mbili, chanzo kimoja cha mzigo, lakini tiba tofauti. Ya kwanza hutaka hosi au sili mpya, kisha mafuta ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji na kuondoa hewa kwa kukata usukani taratibu kulia na kushoto, magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa. Ya pili hutaka mkanda ukazwe au ubadilishwe, baada ya kuhakikisha kwamba pampu yenyewe haijakwama.

Zama za umeme zilianza mwaka 1988, Suzuki ilipoweka mota ya umeme kwenye usukani wa kigari chake kiitwacho Cervo. Toyota Vitz, iliyotoka mwaka 1999 na baadaye kujaa mitaani kwetu, ni ya ukoo huo. Hapa kutafuta kopo la mafuta ni kupoteza siku. Harufu ikiwa kweli ya usukani, itakuwa ya waya au plastiki iliyopata joto, na kinachochunguzwa ni mota, plagi na hali ya betri.

Wapo watakaosema kwamba pua ni shahidi dhaifu, kwani mkanda huo huo huenda unazungusha pia jenereta, na mafuta ya injini nayo hudondokea ekzosi. Ni kweli, na pua pekee haitoshi kuhukumu. Inachofanya ni kupunguza washukiwa. Ushahidi hutafutwa kwa macho. Kipande cha boksi kikilazwa chini ya gari usiku kucha huonyesha tone lilipoangukia na rangi yake, na mafuta mengi ya stelingi ni mekundu yakiwa mapya, kahawia yakishaungua. Wengine watasema kompyuta imeshachukua kazi hii. Kwenye usukani wa umeme, inasaidia sana. Lakini mfumo wa zamani wa mafuta kwa kawaida hauna kihisi cha kugundua hosi inayovuja, na mashine haiwezi kutaja isichopimiwa. Hoja iliyozoeleka zaidi ni ya kuongeza mafuta na kuendelea na safari. Hiyo huficha hitilafu bila kuiponya: mafuta yakipungua pampu hujila yenyewe, na mafuta yanayodondokea ekzosi yanaweza kushika moto.

Swali la zama lina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Magari ya mitumba yamezileta zama zote kwenye uwanja mmoja, na chini ya mwembe ule ule unaweza kuikuta Land Rover ya mikono mitupu, Hiace kuukuu ya mafuta na Vitz ya umeme. Fundi wa gereji bubu anayezitofautisha kwa kunusa ana elimu iliyofuata miaka mia moja ya ufundi, hata kama hakuisomea darasani. Elimu hiyo inastahili kufundishwa wazi kwa vijana wanaomshikia spana, kwa maneno na kwa sababu zake, ili wajue kwa nini harufu huja usukani unapofika mwisho.