Dawa za sonona haziachwi kwa siku moja

MGONJWA aliyemeza dawa za kutibu sonona kwa mwaka mzima huamka asubuhi moja akajihisi mzima. Usingizi umerejea, hamu ya chakula imerudi na kazi zinafanyika. Huitazama pakiti ya tembe kando ya kitanda, akajiuliza kwa nini aendelee kugharimia ugonjwa uliokwisha, kisha akaifungia kabatini. Siku ya tatu kizunguzungu humshika. Siku ya nne huhisi kana kwamba anapigwa na umeme ndani ya kichwa kila anapogeuza macho. Kufikia mwisho wa juma analia bila sababu, na jamaa zake wameshakata kauli kwamba ugonjwa umemrudia.

Mara nyingi kauli hiyo si sahihi. Kinachomsumbua mgonjwa wa namna hii huenda kikawa ni mwili unaolalamika kwa kunyimwa ghafla kitu ulichokwisha kukizoea. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kurudishiwa dawa kwa miaka mingi asiyoihitaji. Anaweza pia kuamini kwamba hatapona kamwe, au kuanza kutafuta mchawi asiyekuwapo.

Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ambao wengine huuita mfadhaiko au unyogovu. Dawa za kuutibu zina historia ya zaidi ya nusu karne. Mnamo 1957 daktari wa akili wa Uswisi, Roland Kuhn, alitangaza kwamba imipramini iliwasaidia wagonjwa wake. Dawa nyingine za ukoo huo zilifuata, ikiwemo amitriptilini, ambayo wengi nchini Kenya huandikiwa hata kwa maumivu ya neva. Mwaka wa 1987 Marekani iliidhinisha fluoksetini, iliyopata umaarufu kwa jina la Prozac, na hatimaye kukaenea sertralini, paroksetini, sitalopramu, esitalopramu na venlafaksini.

Kwa nini mwili hulalamika

Nyingi kati ya dawa hizi hufanya kazi kupitia serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana ujumbe. Ujumbe ukishafika, kemikali hiyo hurudishwa ndani ya seli iliyoitoa kupitia vijia maalumu. Dawa huviziba vijia hivyo, na serotonini ikabaki nje kwa muda mrefu zaidi. Kadiri wiki na miezi inavyopita, ubongo hujirekebisha ili uishi na hali hiyo mpya.

Mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani kwa mwendo mrefu hukaza shingo bila kujua. Mtungi ukitwaliwa ghafla, shingo huyumba kabla ya kupata mizani yake. Ndivyo ulivyo ubongo unaponyang'anywa dawa kwa siku moja.

Kuyumba huko si uraibu. Mraibu wa pombe au bangi huwa na kiu ya kukitafuta kileo na kukiongeza, ilhali anayetumia dawa za sonona hana kiu hiyo. Mwili wake umeizoea dawa tu. Hata hivyo, mazoea hayo yanatosha kumletea taabu halisi, na kumwambia kwamba anajisingizia ni kumwonea.

Dalili zinazojulikana zaidi ni kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa, jasho, kukosa usingizi, ndoto za kutisha, ganzi au mchomo wa ngozi, wasiwasi, hasira za haraka na zile hisia za kupigwa na umeme kichwani. Hazimpati kila mtu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2024 katika jarida la The Lancet Psychiatry ulionyesha kuwa takriban watu 31 kati ya kila 100 walioacha dawa hizi walipata angalau dalili moja. Miongoni mwa walioacha tembe bandia zisizo na dawa, watu 17 kati ya 100 walipata dalili pia, jambo linaloonyesha kwamba hofu nayo ina nguvu zake. Dalili kali zilimpata takriban mtu mmoja kati ya 35. Hata hivyo, tafiti nyingi za aina hii huwahusu watu waliotumia dawa kwa miezi michache tu, na waliozitumia kwa miaka wana sababu ya kuwa waangalifu zaidi.

Ni ugonjwa au ni dawa?

Kuna alama tatu zinazosaidia kutofautisha. Ya kwanza ni wakati. Dalili za kuacha dawa kwa kawaida huanza siku chache baada ya dozi kupunguzwa, ilhali sonona inayorudi huingia polepole, baada ya wiki nyingi au miezi. Ya pili ni aina ya dalili. Kizunguzungu na hisia za umeme kichwani si desturi ya sonona, na zikiandamana na machozi au wasiwasi, yafaa dawa ishukiwe kwanza. Ya tatu ni namna mwili unavyoitikia. Mgonjwa akirudia dozi aliyoiacha, dalili za kuacha dawa aghalabu hupungua kwa siku chache tu, ilhali sonona yenyewe huchukua wiki kadhaa kabla ya kuitikia matibabu.

Dawa zenyewe pia hazilingani. Venlafaksini hupungua kwa nusu mwilini kwa muda wa saa tano hivi, na paroksetini kwa takriban siku moja. Hizi mbili zina sifa ya kuwasumbua wanaoziacha. Fluoksetini hukawia siku kadhaa, na zao lake mwilini hukaa hata zaidi ya wiki, hivyo hujipunguza yenyewe polepole. Kwa sababu hiyo dalili zake zaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa, na mgonjwa akasahau kabisa kuzihusisha na dawa.

Hatua za mwisho ndizo ngumu

Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wapunguze dozi kwa nusu, kisha nusu ya nusu, na baada ya wiki mbili hadi nne waache. Mnamo 2019 Mark Horowitz na David Taylor walichapisha katika The Lancet Psychiatry maelezo ya kwa nini njia hiyo huwashinda baadhi ya watu. Horowitz, daktari na mtafiti kutoka Australia, aliwahi mwenyewe kupata taabu ya kuacha dawa hizi.

Hoja yao inahusu hesabu. Miligramu 40 za sitalopramu huziba takriban asilimia 86 ya vile vijia vya serotonini. Mgonjwa akishuka hadi miligramu 20, asilimia 80 ya vijia bado imezibwa. Amepunguza nusu nzima ya dawa, lakini ubongo haujapoteza mengi. Akifika miligramu 10, bado takriban asilimia 70 imezibwa, na kwa miligramu 5 ni karibu asilimia 60. Hata chini ya miligramu moja, dawa huweza kuziba asilimia 20.

Maana yake ni kwamba anayetoka miligramu 20 hadi 10 ameteremka ngazi moja fupi, ilhali anayetoka miligramu 5 hadi sufuri ameruka kutoka ghorofani. Ndiyo maana wengi huenda vizuri mwanzoni, wakaanguka mwishoni, na kudhani kwamba mwili wao hauwezi kuishi bila dawa. Kumbe kilichowaangusha ni ukubwa wa hatua ya mwisho. Kadiri dozi inavyokuwa ndogo, ndivyo hatua nayo inavyopaswa kuwa ndogo.

Miongozo imebadilika kufuatia hoja za aina hii. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili cha Uingereza kilikiri mwaka wa 2019 kwamba dalili za kuacha dawa zinaweza kuwa kali na za muda mrefu kwa baadhi ya watu, na mwaka uliofuata kikatoa maelezo ya hatua kwa hatua kwa wagonjwa. Mwongozo wa taifa wa Uingereza kuhusu sonona, uliotolewa mwaka wa 2022, unapendekeza kila hatua iwe sehemu fulani ya dozi iliyotangulia, mathalani nusu, na sehemu hiyo ishuke hadi robo dozi inapokuwa ndogo. Baada ya kila hatua mgonjwa husubiri hadi atulie, pengine wiki mbili hadi nne, ndipo aendelee. Wengine humaliza safari kwa wiki chache. Wengine huhitaji miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na hilo si kosa lao.

Tatizo la vitendo ni kwamba viwanda havitengenezi tembe ndogo kiasi hicho. Baadhi ya dawa hupatikana kwa hali ya maji, na hizo hupimika kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tembe za kawaida zinaweza kugawanywa kwa kikatio kinachouzwa katika maduka ya dawa. Lakini zile zilizotengenezwa kuachilia dawa polepole mwilini hazifai kusagwa wala kutafunwa, kwani dawa yote huweza kuingia kwa mkupuo mmoja. Mfamasia ndiye wa kuulizwa kabla ya kisu kushikwa.

Kumeza leo na kuruka kesho pia si njia nzuri kwa dawa nyingi, kwa kuwa kiwango mwilini hupanda na kushuka kila siku. Fluoksetini, kwa jinsi inavyokawia, ndiyo inayoruhusu utaratibu huo.

Wakati wa kuanza

Mwongozo huo wa Uingereza unashauri dawa iendelee kwa angalau miezi sita baada ya mgonjwa kupata nafuu kamili. Aliyeugua mara kadhaa huweza kushauriwa aendelee hadi miaka miwili, ndipo hali yake itazamwe upya. Haifai kuanza safari hii wakati wa msiba, talaka, mitihani au mara tu baada ya kupoteza kazi.

Ni lazima pia mgonjwa aambiwe ukweli kwamba sonona yenyewe inaweza kurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 uliwafuatilia watu 478 nchini Uingereza waliokuwa wamepata nafuu. Katika mwaka mmoja, sonona iliwarudia watu 56 kati ya kila 100 waliopunguza na kuacha dawa, na 39 kati ya 100 walioendelea nazo. Takwimu hizo zina pande mbili. Kuacha kuliongeza hatari, lakini takriban watu 44 kati ya 100 walioacha hawakuugua tena katika muda huo, na waliobaki na dawa hawakupata kinga kamili. Ushauri nasaha huweza kupunguza hatari hiyo, hasa unapoanza kabla ya dawa kuisha.

Nchini Kenya, wengi hawaachi dawa kwa mpango. Huacha kwa sababu dawa imekosekana hospitalini na bei ya dukani haiwezekani, au kwa sababu nauli ya kwenda kliniki imetumika kununua unga. Wengine huogopa kuitwa wendawazimu, hukerwa na kunenepa au kupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa na wakaona haya kusema, au huambiwa katika maombi kwamba kumeza tembe ni kukosa imani. Mwanamke anayegundua kwamba ni mjamzito naye huweza kuzitupa siku hiyo hiyo kwa kumwogopea mtoto. Wote hawa wana sababu zinazoeleweka, na wote huhitaji kumwona mhudumu wa afya kabla ya tembe kwisha. Dawa ikielekea kwisha, ni afadhali kuuliza mapema jinsi ya kuipunguza au kuibadilisha kuliko kungoja pakiti iwe tupu.

Anayeanza safari afaa kuwa na daftari. Humo huandika tarehe, dozi, usingizi aliopata na dalili alizohisi. Daktari mwenye dakika kumi kwa kila mgonjwa atasoma mengi katika ukurasa mmoja wa aina hiyo. Afaa pia kumweleza mtu mmoja nyumbani, mke, mume au ndugu, ili hasira za ghafla zisichukuliwe kuwa ugomvi. Dalili zikizidi, kwa ushauri wa daktari hurudi kwenye dozi aliyokuwa nayo alipokuwa sawa, akatulia, kisha akashuka tena kwa hatua ndogo zaidi. Kurudi nyuma hatua moja si kushindwa.

Jambo moja halingoji daftari wala miadi. Mtu akianza kuwaza kujiua, au akiingiwa na msukosuko usiomruhusu kutulia, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya lina nambari ya simu ya bure, 1199, kwa wanaohitaji kusikilizwa.

Aliyeifungia pakiti kabatini hakukosea kutamani kuishi bila dawa, na huenda kweli alikuwa amepona. Alichokikosa ni ratiba, na mtu wa kumwambia mapema kwamba kizunguzungu cha siku ya tatu kina maelezo.