Beseni la Mkunga: Maneno ya Uvimbe wa Mimba katika Kiswahili cha Pwani

Historia ya tiba ya pwani imezoea kumtazama mganga, kombe na hirizi. Mkunga hutajwa kwa nadra, ijapokuwa Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903, kinazungumzia mimba na uzazi. Makala haya yanachunguza sehemu moja ndogo ya elimu ya mkunga, nayo ni kumtia mja mzito miguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi na majani ili uvimbe upungue.

Kitenzi cha kazi hiyo ni kanda. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakipa maana ya kuukanda unga na ya kuuchua mwili pia. Mkono ule ule wa jikoni ndio wa tiba. Katika majani kuna mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi; jina lake lina arobaini ya Kiarabu, kwa kuwa ulisifiwa kutibu maradhi arobaini. Hata hivyo, nafuu kubwa yatokana na maji yenyewe, ambayo huibana miguu na kuyarudisha mwilini maji yaliyotuama.

Kwa uvimbe wenyewe, Kiswahili kina vimba na fura, na kina safura pia, neno lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya umanjano. Safura ni maradhi ya upungufu wa damu yaletwayo na minyoo, na mgonjwa wake huweza kuvimba. Kwa hiyo wazee walikwisha kutambua kuwa kuna uvimbe wa uchovu na uvimbe wa ugonjwa. Mzigo wa mimba ukiibana mishipa, miguu huvimba jioni na kupungua alfajiri. Huo ndio uvimbe wa beseni.

Tatizo limo katika istilahi ya tatu, kifafa cha mimba. Istilahi hii hutaja degedege la mwisho, wala haitaji dalili zinazolitangulia: shinikizo la damu kupanda, kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, uso na mikono kufura ghafula. Tena kifafa kilihusishwa na pepo. Hivyo msikilizaji hauoni uhusiano wa uso uliofura leo na degedege la kesho, na mama huandaliwa beseni ilhali alistahili kupelekwa hospitali upesi.

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwapa waganga wa jadi nafasi katika afya ya msingi, lakini nafasi hiyo yahitaji lugha inayoeleweka pande zote mbili. Mkunga hayuko mbali na kunga, yaani siri. Lakini wahenga hao hao walinena kuwa mficha uchi hazai. Mtunga istilahi naye hana budi kuifuata methali hiyo: aitaje dalili kabla ya msiba.